Mbwa wa makao: mwezi wa kwanza nyumbani, kuanzia kadi ya chanjo hadi kupe

Mbwa anayetoka kwenye makao ya wanyama huingia kwako na vitu viwili ambavyo macho hayavioni: ugonjwa ambao huenda bado haujajitokeza, na hofu ambayo huenda ameificha vizuri sana. Vyote viwili vinataka muda. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata siku, na ndiyo maana baadhi ya hatua zake ni kutofanya kitu. Mwezi wa kwanza huharibika kwa haraka: mbwa anaogeshwa jioni ileile, ananyunyiziwa dawa ya ng'ombe, majirani wanaitwa waje kumwona, kisha watu wanashangaa anapoharisha au kuruka ua.

Maelezo yanalenga Kenya, Nairobi na viunga vyake hasa, lakini sehemu kubwa inafaa popote Afrika Mashariki.

Kabla hujamchukua: soma kadi, kisha mtazame mbwa

Iwe unamchukua KSPCA (shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama) jijini Nairobi au kwenye kituo kidogo cha mtaani, omba kadi ya chanjo na uisome pale pale. Kadi ya kweli ina tarehe, stika iliyobanduliwa kwenye chupa ya chanjo (yenye namba ya toleo), na sahihi ya daktari wa mifugo. "Amechanjwa" iliyoandikwa kwa kalamu bila stika ihesabu kama hakuna chanjo. Kurudia chanjo hakumdhuru mbwa mzima wa afya. Kukosa kunaweza kumuua.

Uliza pia: alipewa dawa gani ya minyoo, lini, na alikuwa na kilo ngapi siku hiyo? Amehasiwa au amefungwa kizazi? Alikula chakula gani? Alikaa na mbwa wengine, na kuna aliyeumwa katika banda lake wiki mbili zilizopita? Swali hili la mwisho husahaulika, na ndilo lenye uzito kuliko yote, hasa kwa mtoto wa mbwa. Omba ubebe chakula chake cha siku sita hivi.

Kisha mwangalie. Inua mdomo: ufizi uwe wa waridi. Bonyeza kwa kidole, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Tazama ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia na sehemu za siri. Kikohozi, makamasi mazito, tumbo lililovimba kwa mtoto mwembamba, au kinyesi cha maji havimaanishi umwache, ila daktari awe safari yako ya kwanza, kabla ya nyumbani.

Siku ya kwanza

Asile kwa muda wa saa nne kabla ya safari, maana wengi hutapika garini. Mvalishe kola inayoingiza vidole viwili kati yake na shingo, na juu yake kamba ya pili ya kitanzi. Mbwa mwenye hofu hurudi kinyumenyume na kuvua kola kichwani kwa sekunde moja. Mlango wa gari usifunguliwe mpaka kamba iwe mkononi, na geti liwe limeshafungwa. Kumbeba kwenye gunia nyuma ya bodaboda hakufai kabisa: hupata joto kupita kiasi, na hofu ya safari hiyo anaihusisha na wewe.

Kagua ua kabla hajafika. Mbwa wetu wa kienyeji ni mwembamba; pale kichwa kinapopita, mwili nao mara nyingi hupita. Nafasi iliyo chini ya geti ndiyo njia kuu ya kutorokea. Ondoa sumu ya panya, chupa za dawa ya kuogeshea ng'ombe na dawa za kunyunyizia mimea.

Mtengee kona moja tulivu, isiyo njia ya watu. Kama atalala nje, kibanda kiinuliwe kama sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini ili maji ya mvua yasiingie, mlango usitazame upepo unakotoka, na ukubwa umruhusu kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Tandika blanketi linalofulika. Gunia lililojazwa nyasi huhifadhi kupe na viroboto.

Baada ya hapo mwonyeshe maji, mwonyeshe mahali pa haja akiwa kwenye kamba, mpe chakula kidogo, na umwache. Kutokula siku ya kwanza ni kawaida kwa mbwa mzima. Kutokunywa maji siku nzima si kawaida, na mtoto wa mbwa asiyekula kwa saa 12 apelekwe kwa daktari.

Siku 14 za kumtenga

Kama una mbwa wengine, mgeni akae peke yake siku 14, na vyombo vyake visichanganywe. Sababu ni hesabu ya magonjwa yenyewe. Parvo, ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa, huchukua siku 3 hadi 14 tangu kuambukizwa hadi dalili. Distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, utumbo na ubongo, inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kikohozi cha mabanda huonekana ndani ya wiki mbili. Mbwa aliyechanjwa jana huku tayari ameshaambukizwa ataumwa tu, kisha chanjo italaumiwa bure.

Virusi vya parvo hukaa kwenye mazingira kwa miezi, hata mwaka mzima mahali penye kivuli na unyevu. Dawa nyingi za kusafishia sakafu haziviui. Jiki hufanya kazi, lakini kwa masharti. Osha kwanza uchafu wote kwa sabuni na maji, kwa sababu klorini huishia kwenye kinyesi na udongo kabla haijafika kwenye virusi. Kisha changanya kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 hivi (soma lebo) na vikombe 20 vya maji, mimina, uache ilowe dakika 10, ndipo usuuze. Mchanganyiko wa jana umeshapungua nguvu, changanya mpya. Udongo na nyasi hutaweza kuvisafisha, kwa hiyo kama parvo iliwahi kuingia kwenye ua wako mwaka huu, usilete mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake.

Daktari, ndani ya siku tatu hadi saba

Tafuta daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya (Kenya Veterinary Board). Kwa Tanzania ni Baraza la Veterinari. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo anaweza kukuuzia dawa nzuri, lakini hapimi damu wala hasikilizi moyo. Beba kadi na kinyesi cha asubuhi hiyo, kiasi cha kijiko cha chai, kwenye kichupa kilichofungwa.

Omba haya yafanyike: uzito, joto la mwili (kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2, kwa hiyo 38.8 ambayo kwako ni homa, kwake ni uzima), kinyesi kwenye hadubini, na damu kuangalia vijidudu vinavyoletwa na kupe. Watu hukwepa kipimo cha damu kwa sababu ya gharama. Kwa mbwa aliyeishi mtaani, hicho ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote.

*Chanjo.* Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12, hurudiwa ndani ya mwaka, kisha kila mwaka au kadiri lebo inavyosema. Ile ya mchanganyiko, yenye distempa, parvo na homa ya ini, watoto hupewa kila wiki tatu hadi nne mpaka wafike wiki 16. Sindano moja ya wiki ya nane haimkingi, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake huizuia chanjo isishike. Ndiyo maana zinarudiwa. Mbwa mzima asiye na kadi hupewa mbili, wiki mbili hadi nne kati yake. Leptospirosisi, inayoenezwa na mkojo wa panya, lazima iwe sindano mbili, kisha kila mwaka. Mwenye homa hachanjwi siku hiyo.

Chanjo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye sindano. Ile iliyokaa juu ya kaunta ya duka, au iliyosafiri mfukoni bila barafu, inaweza kuwa imekufa, na kwa kuitazama tu hutajua.

*Minyoo.* Dozi hufuata kilo, si umri wala kukadiria. Panda mizani ukiwa umembeba mbwa, kisha toa uzito wako. Vidonge vingi vya mchanganyiko wa prazikwanteli na pairanteli huandikwa kidonge kimoja kwa kilo 10. Mbwa wa kilo 14 hupewa kimoja na nusu. Mtoto hupewa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Mkubwa ni kila miezi mitatu.

Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele kwenye manyoya ya mkundu, huyo ni tegu anayeletwa na viroboto. Ukitoa dawa ya minyoo bila kuua viroboto, atarudi kabla mwezi haujaisha. Mtoto mwenye ufizi mweupe na kinyesi cheusi ana uwezekano mkubwa wa safura, na huyo hangoji miadi. Kuna tegu mwingine, mdogo kiasi cha kutoonekana kirahisi, anayetoka kwenye maini na mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe. Kwa binadamu huleta uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu, na Turkana ni mojawapo ya maeneo yanayojulikana kwa ugonjwa huo. Matumbo na maini yachemshwe nusu saa kabla ya kumpa mbwa, hata kama yametoka kwa mchinjaji unayemwamini.

*Damu sehemu za siri.* Jike anayedondoka damu kwa wiki nyingi, au dume mwenye damu kwenye ala ya uume, mara nyingi husemwa yuko kwenye joto au amejiumiza. Inaweza kuwa uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, ambao ni wa kawaida kwa mbwa wa mitaani: nyama nyekundu yenye vinundu, inayovuja damu kirahisi. Hutibika vizuri kwa sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa kawaida mara nne hadi sita. Usimpe mtu akukatie nyumbani.

Kupe, na mtego wa dawa ya josho

Hapa ndipo mbwa wengi hupotezwa na watu wenye nia njema.

Mkague kwa vidole kila jioni: ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, katikati ya vidole, kwenye shina la mkia. Kupe mmoja mmoja mshike kwa koleo ndogo karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja taratibu. Mafuta ya taa na njiti ya moto humfanya kupe ateme mate zaidi ndani ya jeraha, na mate hayo ndiyo yenye vijidudu.

Wakijaa, duka litakuuzia dawa ya josho yenye amitrazi, na muuzaji atakwambia "kifuniko kimoja kwenye ndoo". Kifuniko kipi, na ndoo ya lita ngapi? Ikizidi, mbwa husinzia, huyumba, moyo hupungua kasi. Haifai kwa watoto chini ya miezi mitatu, wanaonyonyesha, wala wagonjwa. Tumia tu kama lebo ina kipimo cha mbwa kwa mililita na lita, na upime kwa sirinji. Akianza kuyumba, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, umfunike apate joto, umpeleke. Sindano ya ivermektini ya ng'ombe nayo iache. Kwa baadhi ya mbwa, hasa wenye damu ya koli (mbwa wa kuchunga kondoo), huingia kwenye ubongo. Na ukiwa na paka, dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini isimguse paka huyo, hata kwa kulaliana.

Salama zaidi, ingawa ni ghali, ni vidonge vya kutafuna ambavyo daktari huuza kulingana na uzito wa mbwa, vya mwezi mmoja au vya wiki 12. Mwambie kama mbwa amewahi kupata kifafa.

Bado kuna kibanda. Kupe wa kahawia wa mbwa hutaga mayai kwenye nyufa za ukuta na mbao, si juu ya mbwa. Ukimtibu mbwa peke yake, wapya watapanda wiki ijayo. Ziba nyufa, fua blanketi kwa maji ya moto, nyunyizia kibanda kikiwa kitupu na usimrudishe mpaka kikauke kabisa.

Dalili za homa ya kupe ni kulegea, kukosa hamu ya chakula, ufizi mweupe, damu puani, vidoa vyekundu tumboni. Erlikia, mojawapo ya homa hizo, hutibiwa kwa doksisaiklini kwa siku 28. Siku ya nne mbwa anakula na kuchezacheza, watu wanaacha dawa, ugonjwa unajificha, na unaporudi miezi baadaye huwa umeshaharibu uboho. Mkojo wa rangi ya kahawa ni jambo jingine: huenda ni babesia, homa nyingine ya kupe, na ni ya kwenda leo.

Chakula

Siku tatu za kwanza mpe kile alichokula makaoni. Kisha changanya robo ya chakula kipya kwa siku mbili, nusu kwa siku mbili, robo tatu kwa siku mbili. Kubadilisha ghafla ndiko husababisha kuharisha kwingi kwa wiki ya kwanza, na hapo huwezi kujua kama ni chakula au parvo.

Mbwa mzima wa kilo 15 aliyehasiwa anahitaji takribani gramu 220 hadi 260 za chakula kikavu kwa siku, mara mbili. Ugali mtupu hushibisha tumbo na kuacha misuli ikikonda. Uongezwe omena iliyochemshwa bila chumvi, mayai, au nyama, na protini iwe angalau theluthi ya sufuria. Aliyekonda sana asirushiwe mafuta na mabaki ya nyama choma kwa huruma. Kongosho lake halijazoea. Mpe kidogo kidogo mara nne kwa siku kwa wiki mbili.

Asipewe kitunguu, kitunguu saumu, chokoleti, zabibu, wala mifupa iliyopikwa ya kuku. Kokwa la parachichi hukwama utumbo. Wanaoishi Murang'a, Embu na Kiambu wajue pia makadamia: ndani ya saa 12 miguu ya nyuma hulegea, ingawa mara nyingi hupona ndani ya siku mbili.

Tabia: siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu

Siku tatu za kwanza amezubaa. Wiki ya tatu ameshajua ratiba na tabia zake halisi zinatoka, pamoja na zile mbaya. Watu wengi humrudisha hapa wakidhani ameharibika. Miezi mitatu ndipo hutulia kwelikweli.

Kila mtu wa nyumba hiyo, pamoja na mlinzi na dada wa kazi, apate zamu ya kumpa chakula, akikitupa chini kando yake badala ya kumshikisha mdomoni. Asimwinamie, asimkodolee macho. Kulamba midomo, kupiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho kuonekana na mkia kubanwa ni onyo linalokuja kabla ya kunguruma. Anayeadhibiwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kunguruma.

Haja: mtoe kwenye kamba kila anapoamka na kila anapomaliza kula, mahali palepale, umsifu akimaliza. Kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha kukojoa mafichoni.

Wanaotaka mlinzi wa usiku huudhika asipobweka wiki ya kwanza, wanamfunga mnyororo mchana ili awe mkali. Atakuwa mkali kweli, ila kwa kila mtu, mtoto wa nyumba akiwemo. Mbwa hubweka akishajua ua ni wake, subiri.

Kwa wanaoishi Pwani: majirani wengi hufuata madhehebu ya Shafii, ambako mate ya mbwa yakigusa nguo au chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kamba iwe fupi vichochoroni, epuka njia ya msikiti nyakati za sala, na ujirani utabaki mzuri.

Kuogesha kusubiri siku saba hadi kumi, na kusifanywe ndani ya saa 48 kabla au baada ya dawa ya kupe ya kupaka. Sabuni ya kufulia hukausha ngozi na kuleta mwasho. Nunua shampuu ya mbwa.

Kama hajahasiwa, panga upasuaji akishatulia wiki tatu au nne na damu yake ni safi. Kupe wakiwa wamemmaliza damu, usingizi wa dawa ni hatari. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Katika muda huo asiogeshwe wala asilambe kidonda.

Akimuuma mtu

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukiangalia saa. Usifunge, usipake pilipili wala mafuta. Nenda hospitali siku hiyohiyo ueleze kuhusu kichaa cha mbwa, hata kama mbwa ana kadi. Mhudumu ndiye ataamua kuhusu sindano. Mbwa asiuawe. Afungiwe na kuangaliwa siku 10: akibaki mzima baada ya hapo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma. Akifa au akibadilika katika siku hizo, toa taarifa mara moja kwa ofisi ya mifugo ya kaunti na kwa hospitali.

Ya kwenda leo, si kesho

- Kutapika na kuharisha pamoja, hasa kukiwa na damu
- Ufizi mweupe, wa njano au wa buluu
- Mkojo wa kahawia au mwekundu
- Tumbo limejaa ghafla, anajaribu kutapika na hakitoki kitu
- Kutetemeka, kutoka mate mengi, degedege
- Amemeza parasetamoli, ibuprofeni au diklofenaki, hata kidonge kimoja

Dawa za maumivu za binadamu huharibu ini, figo na tumbo la mbwa kwa dozi ambayo kwako ni ndogo, kwa hiyo usimpe mwenyewe kwa sababu anachechemea. Na akila sumu, usimnyweshe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi: maziwa hayazimui sumu, mafuta huingia mapafuni, chumvi nyingi ni sumu nyingine. Mpigie daktari ukiwa njiani, na ubebe pakiti au chupa ya alichokula. Jina la dawa iliyoandikwa pale ndilo litakaloamua atibiwe kwa kitu gani.